Sauti Iliyofutwa Ofisini

Mbinya alikuwa na miaka sita na hakuwa akiongea. Kila neno alilokuwa nalo duniani lilikuwa ndani ya tableti ya shule, kwa sauti ya nyanya yake, na nyanya yake akafariki. Siku ya mazishi, kabla udongo wa kaburi haujakauka, watu wazima wenye suti na Biblia walimnyang'anya mtoto huyo mdomo wake. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Kilichobaki ni kueleza tu walivyofanya.

Hema lilikodishwa Kwa Vonza, pamoja na viti vya plastiki mia mbili na spika mbili kubwa. Kaveke, mama yake Mbinya, alikuwa nyuma ya nyumba akichota pure ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria pamoja na wanawake wa kanisa. Mbinya alikuwa ameachwa kwenye mkeka kando ya mlango, mgongo ukutani, kwa sababu hawezi kukaa bila kuegemea. Miguu yake ni migumu tangu kuzaliwa na mkono wa kushoto haufunguki. Mkono wa kulia unayumba, lakini kidole kimoja kinatii. Tableti ilikuwa mapajani mwake, ndani ya lile ganda lake jekundu la mpira, na sauti imepandishwa hadi mwisho. Ilikuwa hivyo siku zote, maana nyanya alikuwa mzito wa kusikia.

Ilikuwa saa saba na jua lilikuwa limewahamishia hata kuku kivulini. Pasta alikuwa amefika mahali pa kuliza watu.

"Mama yetu amenyamaza," akasema kwenye maikrofoni. "Mdomo wake hapa duniani umefungwa. Hatutamsikia tena."

"Ningwenda kiw'u," akasema marehemu.

Nataka maji. Alisema kwa Kikamba safi, kwa ile sauti yake ya kukwaruza iliyojulikana kutoka mtoni hadi sokoni, na kikohozi chake kidogo mwishoni. Pasta akafunga mdomo. Wanakwaya wakaangalia jeneza. Mama mmoja mnene wa mstari wa mbele akainuka akiwa bado amekalia kiti, na kiti kikainuka naye.

Hakuna aliyeleta maji. Basi Mbinya akabonyeza tena, na alipoona bado hakuna anayekuja, akabonyeza ile picha ya mtu mwenye mikono kiunoni, ambayo nyanya aliiweka kwa mzaha kwa sababu mtoto husahauliwa watu wakianza kula.

"Nataka maji. Kwani mmenisahau?"

Hapo hema likavunjika. Viti vikaanguka, wazee wakakimbia na bakora zao mkononi badala ya kuzitembelea. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama pembeni akapaza sauti, "Si mumpe maji jameni! Mnamnyima mpaka leo?" Wengine wakacheka, ule mcheko wa hofu.

Kaveke alitoka nyuma ya nyumba na upawa mkononi.

"Ni mtoto!" alipiga kelele. "Ni mtoto wangu anaomba maji! Mnakimbia nini?"

Muindi alifika kwa mtoto kabla yake. Muindi ni kifungua mimba wa marehemu, shemeji yake Kaveke, mzee wa kanisa, mwenye duka la saruji na mabati kule Emali. Aliinyakua tableti kama mtu anayemtoa nyoka kitandani, akaigeuza huku na huku akitafuta pa kuizimia, akashindwa, akavua koti lake na kuifunga ndani. Nyanya akaendelea kuomba maji ndani ya koti.

"Hii kitu inakaa kwangu," akasema.

"Shemeji, hiyo ndiyo anaongea nayo."

"Anayeongea hapo si yeye. Anayeongea hapo ni mama yangu, na mama yangu yuko ndani ya sanduku."

Kaveke akaenda akachota maji mwenyewe. Mbinya alikunywa kikombe kizima bila kupumua. Kisha akatazama mapaja yake, akaanza kugongagonga paja kwa kidole, pale pale ambapo picha ya asante ilikuwa.

*

Watu wa mbali wataona hofu hiyo ni ujinga mtupu. Haikuwa ujinga mtupu. Ilikuwa na mpango wake, na Muindi aliueleza vizuri kesho yake, baada ya ibada, ndugu walipokaa mbele ya nyumba.

Mbinya amepewa jina la nyanya, kama inavyofanywa kwa binti wa kwanza. Kwa hiyo Kaveke, ambaye hawezi kumtaja mama mkwe kwa jina, hakuwahi hata siku moja kumwita mtoto wake Mbinya. Alimwita Mwaitu, mama, kama alivyomwita mama mkwe. Nyumba nzima ilikuwa na Mwaitu wawili, mmoja akimbeba mwingine kwa wilibaro kila asubuhi hadi darasa la watoto walemavu shuleni. Kaveke alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupika kwenye hoteli ya sokoni. Aliyebaki na mtoto kutwa ni nyanya.

"Angalieni nyinyi wenyewe," alisema Muindi. "Jina, mtoto amechukua. Sauti, amechukua. Ametembezwa na mikono ile ile mpaka juzi. Sasa mwenyewe amekwenda. Mnafikiri anamwita nani? Mimi si mtu wa mambo ya zamani, mimi ni mtu wa wokovu, lakini sitamwacha mtoto wa ndugu yangu afungwe kamba na maiti."

"Afungwe kamba gani?" Kaveke akauliza. "Ni rikodi. Kama wimbo kwa redio. Kwani waimbaji waliokufa hamuwasikii asubuhi mkinywa chai?"

"Hao si mama yangu."

"Na nani alileta hiyo kitu?" shangazi mmoja akaingilia. "Si yule mwalimu wa mtandio? Hao watu wa majini?"

"Mwalimu Shufaa anatoka Mwingi, shangazi. Hakutoka kuzimu."

"Mama Mbinya," mume wake akasema polepole, bila kumwangalia. "Acha kujibizana na watu wakubwa."

Mume huyo ni Mutisya. Anapakia saruji kwenye duka la kaka yake Emali, analala kwenye chumba cha nyuma ya duka, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi na mkate na nusu kilo ya nyama. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kupakia anachoambiwa apakie.

"Baba Mwaitu, na ile shule?" Kaveke akamuuliza mbele ya wote. "Alhamisi ya wiki ijayo wapimaji wanakuja. Wamesema nafasi ni mbili. Mtoto ataonyesha nini?"

Kila mtu pale aliijua shule hiyo. Ni shule mpya ya mfadhili, upande wa Makueni, si mbali na Emali, ya watoto wenye miili migumu. Ina mtu wa kunyoosha viungo, ina viti vya magurudumu, ina walimu wawili kwa kila darasa. Mbinya angepata nafasi, Kaveke angehamia Emali na mume wake, wakodi chumba, mtoto arudi kwao kila jioni. Sharti lilikuwa moja tu. Mtoto aonyeshe kwamba anaelewa na anaweza kujibu mwenyewe, kwa njia yoyote. Shule nyingine zote zilikuwa zimemtazama Mbinya akidondosha mate zikasema mrudishe nyumbani.

"Ataonyesha," akasema Muindi. "Sauti ya mtu aliye hai itawekwa. Kwani kuna upungufu wa wanawake wa kuongea hapa?"

Watu wakacheka. Mutisya naye akacheka kidogo, na Kaveke akakiona kicheko hicho, akakiweka mahali.

*

Jumatatu alienda shuleni na mtoto mgongoni. Mwalimu Shufaa alikuwa ameketi na watoto wengine watano, akiwafundisha kufunga vifungo.

"Haiko na mimi, Mama Mbinya," alisema kabla ya kuulizwa. "Bwana Muindi aliipeleka kwa mwalimu mkuu. Imefungiwa kwenye kabati. Nimeomba funguo mara tatu. Nilitaka angalau nihamishe hizo rikodi kwa simu yangu, nizifiche. Amekataa."

"Kwa nini akatae? Si ya darasa lako?"

"Ameniambia shule ni ya kanisa na mimi ni mgeni. Hakusema mgeni wa nini. Nikamwelewa."

Shufaa ndiye aliyeianzisha kazi yote. Tableti ilipoletwa na mradi, ilikuwa inaongea Kiingereza cha puani, sauti ya mwanamke wa mbali. Mbinya alibonyeza picha ya kikombe wiki nzima na nyanya hakujua anaombwa nini. Basi Shufaa akamkalisha yule mama kizee chini ya dirisha, kila Ijumaa, mwaka mzima, akamfundisha kushika kitufe chekundu na kusema. Nyanya alikataa kusema neno moja moja kama mashine. Alisema kama mtu. Kwenye picha ya uji alisema, "Uji, na usiwe moto." Kwenye picha ya choo alisema, "Haraka, nimebanwa." Alivyosema nyanya ndivyo Mbinya alivyoongea, na darasani walimjua kwa ukorofi huo. Siku moja mwalimu mkuu alipitisha wageni, mtoto akambonyezea, "Wewe, ondoka hapo, unaniziba mwanga." Wageni walicheka sana. Mwalimu mkuu hakucheka.

Kaveke alimkuta mwalimu mkuu huyo ofisini akila ndizi. Mwalimu Munyao ni mtu mwenye sauti ya upole, na upole wake una uzito wa mlango uliofungwa.

"Mama, keti. Oh, una mtoto. Basi simama tu, hatutachukua muda. Mimi sina shida na wewe. Wazazi wengine watatu wamekuja hapa, wanasema hawawezi kuacha watoto wao darasa moja na sauti ya marehemu. Nifanye nini?"

"Uwaambie ni rikodi."

"Nimewaambia. Watu hawaambiwi tu wakaelewa."

"Basi nipe mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Siku kumi. Apimwe, apate nafasi, halafu fanyeni mnavyotaka. Mchome hata moto."

Mwalimu Munyao alifuta vidole kwa karatasi, kimoja kimoja.

"Bwana Muindi ameomba tumalize kesho. Na baba wa mtoto amekubali. Ninachotaka mimi ni sahihi yake tu, isije ikasemekana shule imeharibu kitu cha mtoto."

"Na sahihi ya mama?"

"Mama, familia ina mkubwa mmoja."

*

Jumanne, saa nne asubuhi, walikuwa watano ofisini bila kumhesabu mtoto: mwalimu mkuu, pasta, Muindi, Mutisya na Kaveke. Shufaa alisimama mlangoni, maana hakupewa kiti. Kulikuwa na chai ya maziwa na maandazi. Pasta aliomba. Mutisya akaweka sahihi, akiandika jina lake pole pole kama mtoto, ulimi nje.

"Mwalimu, njoo ufute," Munyao akamwambia Shufaa.

"Mimi sifuti, mwalimu."

"Ni amri."

"Nimesikia. Sifuti. Niandikie barua."

Munyao akavaa miwani, akaivuta tableti karibu. Hakuwa anajua. Alishika picha ya kikombe akaibonyeza.

"Nataka maji," akasema nyanya ofisini.

Mbinya, mgongoni mwa mama yake, akaruka. Hakuwa amesikia sauti hiyo kwa siku tatu. Akaunyoosha mkono unaoyumba kuelekea mezani, mwili wote ukikaza kwa furaha, akatoa ule mlio wake wa kucheka.

Munyao akashikilia kidole mpaka kisanduku kikatokea, akasoma, akabonyeza futa. Kikombe kikabaki bila sauti. Kumbe kwa njia aliyoijua yeye, lazima kila neno lisemwe ndipo lifutwe. Akaenda la pili.

"Uji, na usiwe moto."

Futa.

"Mguu unaniuma, huu hapa."

Futa.

"Nigeuze."

Futa.

"Mama amerudi?"

Futa.

Kila nyanya aliposema, Mbinya alicheka na kunyoosha mkono. Aliamini anarudishiwa. Pasta alikuwa ameacha andazi katikati. Mutisya alitazama viatu vyake. Lilipofika neno la kumi na moja, nyanya akasema, "Njoo nikuambie kitu," na kukohoa, na Muindi akainuka akaegemea kabati la mafaili, mgongo kwa watu.

"Hakuna njia ya kufuta yote mara moja?" akauliza.

Kaveke akaona mabega yake yakitikisika. Alikuwa analia, kifungua mimba, analilia mama yake. Kaveke hakumhurumia hata kidogo. Alimchukia zaidi. Kama angekuwa jiwe angalau angejua amefanyiwa hivi na jiwe.

"Unalia nini?" akamwambia. "Umesikia mama yako, moyo umeuma. Basi mwache huyu naye amsikie! Wewe una mdomo wako. Una duka. Una simu mbili. Huyu ana hiyo tu!"

"Mama Mbinya," Mutisya akasema.

"Nyamaza! Wewe umeshaandika jina lako. Limetosha."

Mwanamke aliyeolewa hawaambii wanaume hivyo mbele ya pasta. Mwalimu Munyao, ambaye wakati huo alikuwa amepekua mpaka akakipata alichokitafuta, hakuinua macho. Kulikuwa na njia. Aliibonyeza mara mbili, kwa sababu mashine iliuliza kama ana hakika.

Maneno tisini na manne. Shufaa alikuwa akiyahesabu kwenye daftari lake tangu muhula wa kwanza. Yalichukua mwaka mmoja kurekodiwa, na kufutwa kulichukua muda mfupi kuliko chai kupoa.

"Haya," Munyao akasema, akamkabidhi Kaveke tableti kwa mikono miwili, kama zawadi ya siku ya kufunga shule. "Sasa ni safi."

Mbinya aliibonyeza njiani mpaka nyumbani. Kikombe. Kikombe. Kikombe. Uji. Kikombe.

*

Kaveke hakwenda kazini siku nne. Alikaa chini ya dirisha la Shufaa, akashika kitufe chekundu kama mama mkwe alivyofanya, akasema kwa sauti yake mwenyewe. Walipata maneno ishirini na mawili kabla ya Ijumaa kuisha. Mwenye hoteli akapiga simu mara mbili. Mara ya tatu hakupiga, na Kaveke akajua mwingine amejifunga aproni yake pale jikoni.

Lakini mtoto alikuwa na jambo lake. Alibonyeza kikombe. "Nataka maji," akasema Kaveke ndani ya tableti. Mbinya akamtazama Kaveke usoni, akangoja. Akabonyeza tena, akamtazama tena, uso wake ukiwa na swali.

"Anashangaa," alisema Shufaa. "Atazoea. Ile ya kwanza ilichukua miezi miwili."

"Tuna siku sita."

"Najua, dada. Ninajaribu kukutia moyo, usinihesabie."

*

Wapimaji walikuja Alhamisi na gari jeupe, wakaweka meza kwenye ukumbi mmoja Kwa Vonza. Watoto walikuwa kumi na wanane. Kaveke alifika saa moja, akaitwa saa nane. Mutisya hakuja, lori la saruji lilikuwa limeingia. Shufaa alikuja bila ruhusa.

Mpimaji alikuwa mama wa makamo, mwenye karatasi nyingi na kalamu iliyofungwa kamba shingoni. Hakuwa na ubaya. Alimsalimu mtoto kabla ya mama, jambo ambalo hufanywa na wachache. Akaweka mezani kikombe cha maji, ndizi, mpira na kitabu.

"Mbinya, unaweza kutumia mashine yako. Mama asimsaidie tafadhali. Mwalimu pia. Mbinya, kuna joto sana leo. Unataka nini hapa?"

Mtoto alikuwa na kiu tangu saa tano. Kaveke aliijua kiu hiyo kwa midomo. Kidole kikayumba, kikazunguka, kikashuka juu ya kikombe palepale.

"Nataka maji," ikasema sauti ya Kaveke.

Mbinya akainua kichwa. Akamtazama mama yake. Kisha, kwa kazi kubwa, akitetemeka mpaka begani, akakisukuma kikombe cha maji mezani kwa mgongo wa mkono, polepole, mpaka kikasimama mbele ya mama yake.

Maji yalimwagika kidogo. Mbinya akangoja mama anywe.

Kaveke alielewa palepale, na kuelewa kukamkata kama wembe. Kwa mwaka mzima sauti ya nyanya ndiyo iliyokuwa ya Mbinya anapotaka kitu. Sauti ya mama ilikuwa ya mama. Mama amesema anataka maji, mtoto mwenye kiu amempa maji yake.

"Ameelewa!" akasema. "Umeona? Amesikia mimi nataka maji, amenipa! Ameelewa kila kitu!"

"Mama, tafadhali."

"Yeye ana kiu! Amenipa yake!"

"Mama, nimekuomba usimsaidie."

Mpimaji akarudia hadi mara nne, kama karatasi ilivyotaka. Mara ya pili mtoto alibonyeza ndizi, na ndizi ikasukumwa kwa mama. Mara ya tatu alibonyeza mpira, akausukuma pia. Mara ya nne alikuwa amechoka. Alitazama vile vitu vitatu vikiwa mbele ya mama yake, mama hanywi, hali, analia tu, naye akaanza kulia. Akaisukuma tableti ikaanguka chini.

Shufaa alijaribu. Alieleza habari ya nyanya, ya mazishi, ya ofisi, kwa haraka, mikono ikiruka. Mpimaji akasikiliza yote. Akavua miwani akafuta macho, akairudisha.

"Mwalimu, ninakuamini," alisema. "Lakini hapa hakuna mahali pa kuandika hayo. Hapa wameniuliza tu kama mtoto anaomba anachotaka mwenyewe. Nimeona anakataa vitu vyote. Nje wamebaki watoto saba."

Aliandika. Kaveke alisoma hadi darasa la saba, na maandishi ya kupinduka chini juu hayakumshinda. Haonyeshi uelewa. Ajaribiwe tena mwakani.

Kaveke akachukua kile kikombe, akamnywesha mtoto wake mbele ya mpimaji mpaka kikaisha.

*

Muindi alileta gunia la mahindi na pole. Alisema mapenzi ya Mungu yana wakati wake. Kaveke alilisukuma gunia kwa mguu hadi nje ya lango, kilo tisini, hatua kwa hatua, na jirani zake wakimwangalia, akaliacha barabarani. Lililiwa na mbuzi wa watu. Mutisya alirudi mwisho wa mwezi na mkate, akakuta kitanda chake kimehamishiwa kwa nyumba ya marehemu mama yake.

"Lala na sauti yake," Kaveke akamwambia. "Tuone kama itakuita."

Mahesabu ni haya. Nafasi zilikuwa mbili na zote zilichukuliwa na watoto wengine, ambao nao walizihitaji. Mwaka wa shule, mmoja. Kazi ya hoteli, moja, ya miaka mitano. Mwalimu Shufaa alipewa barua mbili, ya onyo na ya uhamisho, na darasa lake la watoto sita halina mwalimu tangu muhula ufunguliwe. Tableti, kwa kuwa ni mali ya shule, ilirudi kwenye kabati la ofisi, ina ufa mmoja, na wageni wakija huonyeshwa.

Mbinya alikuwa na maneno tisini na manne. Sasa akitaka kitu ana njia nne: analia, anauma, anavuta nguo, au ananyamaza mpaka mtu aje. Tisini na manne ukitoa manne, yanabaki tisini. Tisini hayo hayapo tena popote.